Mkono wa Kushoto

Alhamisi, El Alto haiamshwi na jogoo.
Huamshwa na vyuma vya vibanda vikigongwa gizani
na turubai la buluu likipigwa na upepo
mpaka unadhani limekuita jina.

Nimetoka zamu ya usiku, kwenye tanuri la mikate,
unga bado uko kwenye nyusi.
Eulogia ananisubiri pembeni mwa wauza spana,
sketi yake ya marinda imemjaa kama kengele,
kofia imekaa upande, haianguki, sijawahi kujua kwa nini.
"Umechelewa. Marobota yameshafunguliwa.
Wenye macho wameshaondoka na vyao."

Sisi hatutafuti vya wenye macho.
Sisi twatafuta kwa vidole.

Kuna mlima wa sweta za nchi ambazo sitafika kamwe:
zenye paa kifuani, zenye nembo za shule za watu.
Moja ina jina, Torvald, limeshonwa kolani
na mama aliyeogopa zisichanganyike.
Nafumba macho. Nasugua.
Hii plastiki. Hii plastiki. Hii plastiki inayojidai.
Hii, ngoja, hii ni kondoo.

Kijani cha maji ya bwawa.
Viwiko vimeliwa na nondo, kifua kizima.
"Kumi na tano," anasema Don Fortunato.
"Kwa matundu haya? Na nondo wako nimbebe?"
"Nondo nakupa bure. Kumi na mbili."
Eulogia anageuza uso kama aliyetukaniwa mamaye;
ndiyo kazi yake, nami humlipa kwa kikombe cha api,
uji wa zambarau unaochoma ulimi.
"Tano," nasema, "na ile shali iliyochanika."
Mzee anatazama mbingu, anatazama viatu vyangu,
anacheka.
"Saba. Uondoke kabla sijapata akili."

Saba!
Nikapanda kigari cha waya nimeikumbatia,
mji mzima unaning'inia chini ya soli zangu.
Rahisi ni ghali, husema watu. Waseme.

Kufumua ni kusoma kitabu kuanzia mwisho.
Unaanza pale mfumaji alipomalizia.
Nikavuta. Vitanzi vikaachia kimoja kimoja, trrr,
nikauzungusha uzi kwenye miguu ya kiti.
Kola. Mgongo. Mkono wa kulia.

Mkono wa kushoto ukagoma.

Vidole vinne kutoka kwenye pindo, kijani si kile kijani.
Mchana huoni. Chini ya balbu ndipo unaona:
kimepauka kidogo, kama tumbo la jani.
Na palipoungwa, fundo.
Fundo baya, la haraka,
la mtu aliyejiambia, nani atatazama huku?

Aliishiwa uzi.
Usiku labda, duka limefungwa,
au duka liko wazi na senti ndizo hazipo.
Akapekua kapu, akapata kinachofanana,
akakiinua kwenye taa,
akaguna,
akaendelea.

Guno hilo nalijua.
Poncho ya harusi ya kaka yangu
ina mistari kumi na tisa upande huu, kumi na minane upande ule,
na ni mimi niliyemwambia ndio mtindo wa mjini.

Ningependa kusema nililiacha lile fundo.
Sikuliacha. Wara anaanza shule Jumatatu,
masikio yake huiva kwa baridi,
na sufu ni sufu.
Nikakata.

Ila kofia ilipokaribia utosi,
kile kijani cha bwawa kingali tele, kinatosha,
kinatosha kabisa,
nikakiweka kando.
Nikamalizia kwa kile kilichopauka.

"Shangazi, huku juu ulikosea," Wara akasema kiooni.
"Si mimi."
"Basi nani?"
Nikaivuta kofia mpaka ikamfunika masikio.
"Kuna mtu. Twende, utachelewa."